Mkate Usiotiwa Hamira Katika Nchi ya Ndizi: Hoja ya Mihadhara Yapimwa

  

Katika mihadhara ya kulinganisha dini mkoani Kagera, Bukoba mjini na katika vituo vya Muleba, tumeisikia mara nyingi hoja moja ambayo wasikilizaji huipokea kwa takbira na vicheko. Mhadhiri huanza kwa kusema kuwa Mayahudi wameharamishiwa hamira, kwani Taurati imewaamrisha kula mkate usiochachushwa. Kisha husema kuwa Wakristo hawakubaliani wao kwa wao ni mkate gani alioula Yesu usiku ule wa mwisho. Halafu humalizia kwa kishindo: hapa Bukoba kila mtu anakula ndizi, lakini padri anawaambia waumini wake kuwa mkate wa ibada lazima uwe wa ngano! Je, Mungu huyo hazijui ndizi?

Watu hucheka. Sisi tunaona kuwa hoja hii ina ukweli kidogo na makosa mengi, na mwisho wake unamrudia yule yule aliyeitoa. Kwa kuwa wanafunzi wa madrasa wanaihifadhi na kuirudia kama ilivyo, tumeona ni wajibu kuipima kwa mizani ya elimu.

Mayahudi na hamira

Tuanze na neno lenyewe. Hamira ni neno tulilolitoa katika Kiarabu, khamira, na asili yake ni herufi zile zile za khamr, yaani ulevi. Mtu wa Bukoba hahitaji kufundishwa jambo hili kwa urefu. Anajua namna maji ya ndizi yaliyokamuliwa leo yanavyokuwa kinywaji kitamu, na namna yakitiwa unga wa mtama na kulazwa yanavyogeuka rubisi. Kitu ni kile kile, kilichobadilika ni hali yake. Kwetu sisi mabadiliko hayo yana hukmu katika kinywaji kinacholevya, ama katika mkate hayana hukmu yoyote. Mkate uliochachuka na usiochachuka ni sawa mbele ya sharia yetu.

Kwa Mayahudi mambo ni tofauti, lakini si kama mhadhiri anavyosema. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinaeleza kuwa Bani Israil walitoka Misri kwa haraka, unga wao uliokandwa ukiwa haujaumuka. Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo wakaamrishwa siku saba za kila mwaka wasile kilichotiwa chachu, wala chachu isionekane majumbani mwao. Mkate huo wanauita matsa. Katika Kumbukumbu la Torati 16:3 umepewa jina la mkate wa mateso. Siku saba hizo zikiisha (Mayahudi wengi walio nje ya Palestina huzifanya nane), Myahudi hula mkate uliochachuka mwaka mzima bila ya dhambi yoyote.

Zaidi ya hayo, kitabu cha Mambo ya Walawi 2:11 kinakataza chachu katika sadaka ya unga inayochomwa madhabahuni, lakini kitabu hicho hicho katika 23:17 kinaamrisha mikate miwili iliyotiwa chachu iletwe katika sikukuu ya baada ya siku hamsini. Basi iko wapi haramu ya moja kwa moja? Hili ni katazo la wakati maalumu na mahali maalumu. Aliyehirimia Hija amekatazwa manukato, na manukato hayo hayo ni sunna siku ya Ijumaa. Lau Mkristo angesimama jukwaani akasema kuwa Waislamu wameharamishiwa manukato, tungemwambia akasome kwanza.

Mafakihi wao wamelichambua jambo hili kwa kina. Wamesema matsa haifai ila kwa nafaka tano, ambazo ni ngano, shayiri na jamii zake zilizo karibu nazo, na kwamba unga ukishakutana na maji usikae zaidi ya dakika 18 bila ya kushughulikiwa au kuokwa, la sivyo utahesabiwa umechachuka. Katika Talmud mmoja wao, Yohanan bin Nuri, aliona kuwa mchele nao ni aina ya nafaka hiyo, wenzake wakamkatalia. Kipimo chao ni hiki: kile kinachoweza kuchachuka ndicho kinachofaa kuwa matsa. Mchele kwa rai yao hauchachuki bali unaoza, kwa hiyo haufai. Kwa kipimo hicho ndizi haimo kabisa.

Tunaomba msomaji akikumbuke kipimo hicho, tutakirudia. Na asidhani kuwa Mayahudi ni watu wa mbali tu. Ng'ambo ya mpaka wetu, karibu na Mbale nchini Uganda, wapo Abayudaya, watu waliomfuata Semei Kakungulu alipojitahiri na kushika Uyahudi mwaka 1919. Nao wanaishi katika nchi ya matoke, na Pasaka ikifika hawaweki ndizi mahali pa matsa.

Kuna adabu nyingine hapa ambayo wahadhiri wetu wameisahau. Mtume (SAW) alipofika Madina akawakuta Mayahudi wanafunga Ashura, aliwauliza kwanza ni siku gani hii. Wakamweleza kuwa ni siku ambayo Allah alimwokoa Musa (AS) na watu wake. Ndipo akaeleza kuwa sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha ifungwe. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Aliuliza, akasikiliza, kisha akahukumu.

Mkate wa Wakristo

Sehemu ya pili ya hoja ina msingi, na hatutaki kuukanusha. Injili za Mathayo (26:17), Marko (14:12) na Luka (22:7) zinaieleza karamu ya mwisho kuwa iliandaliwa katika siku ya mikate isiyotiwa chachu. Injili ya Yohana (18:28 na 19:14) inaonyesha kuwa siku aliyohukumiwa Yesu, Mayahudi walikuwa bado hawajaila Pasaka. Ikiwa hesabu ya watatu ndiyo sahihi, mezani palikuwa na matsa. Ikiwa hesabu ya Yohana ndiyo sahihi, huenda mkate ulikuwa wa kawaida.

Kosa la mhadhiri ni kulileta jambo hili kama siri aliyoifichua yeye. Wakristo wamegombana juu yake hadharani kwa karne nyingi. Mwaka 1053 Askofu Leo wa Ohrid aliandika barua kali kuwashutumu Walatini kwa kutumia mkate usiochachuka, akiona wanafuata desturi ya Mayahudi. Mwaka uliofuata, 1054, wajumbe wa Roma na Patriaki wa Konstantinopoli walilaaniana, na suala la mkate lilikuwa miongoni mwa magomvi yao. Katika Mtaguso wa Florence, mwaka 1439, ilitamkwa kuwa mikate yote miwili inasihi na kila upande ufuate desturi yake. Kanisa la Mashariki likaendelea na mkate uliochachuka, Kanisa la Roma na usiochachuka.

Wala si lazima kwenda Konstantinopoli kuiona tofauti hiyo. Kagera peke yake inatosha. Wakatoliki, ambao Mapadri Weupe wao walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, wanatumia hostia, kidonge chembamba cha unga wa ngano na maji tu. Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi nao hutumia hostia katika Chakula cha Bwana, lakini kwao chachu si sharti la ibada kusihi. Waorthodoksi walio chini ya Patriaki wa Alexandria, ambao waliwahi kuwa na dayosisi iliyoitwa ya Bukoba, hutumia mkate ulioumuka. Waadventista wanatumia mkate usiotiwa chachu pamoja na maji ya zabibu yasiyochachuka, kwa sababu wanaiona chachu kuwa alama ya dhambi. Mashahidi wa Yehova hufanya ukumbusho mara moja tu kwa mwaka, na wengi wao huupitisha mkate mkononi bila ya kuula. Mhadhiri anayesema "Wakristo wanasema hivi" mbele ya umati wa Bukoba amekwisha kuwakosea nusu ya anaowazungumzia, na wao wanajua kuwa amekosea.

Ama ngano, sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 924, inataka mkate uwe wa ngano tupu, na kanuni ya 926 inataka katika Kanisa la Kilatini usiwe na chachu. Mwaka 2017 Roma iliandikia maaskofu barua ikasisitiza kuwa hostia iliyoondolewa gluteni yote, yaani ile asili ya ngano inayofanya unga uvutike, haifai. Kwa hiyo ni kweli kuwa padri wa Muleba hawezi kutumia ndizi, mahindi wala mtama.

Je, wao wenyewe hawakuliona hili? Waliliona. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu aliyewekwa kuwa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa cheo hicho, alihudhuria Mtaguso wa pili wa Vatikano. Mtaguso huo ndio uliofungua mlango wa Misa kusomwa kwa lugha za watu badala ya Kilatini tu. Lugha ikabadilika, ngoma zikaingia kanisani, mkate ukabaki vile vile. Na huko Kamerun padri Jean-Marc Ela aliyeishi na wakulima wa kaskazini alihoji kwa maandishi kwa nini mkulima wa uwele aletewe ibada kwa mkate na divai za nchi nyingine. Alihoji kwa uchungu, kama mtu wa ndani. Kichekesho cha mihadhara yetu ni swali lake hilo hilo lililoondolewa uchungu wake.

Na sisi je?

Hapa ndipo hoja inapomrudia mwenyewe. Tuchukulie kuwa Mkatoliki mmoja wa Muleba anasimama katika mhadhara, anapewa kipaza sauti, anauliza kwa upole: "Shehe, mwezi wa Ramadhani ukiisha, mbona mnampelekea maskini wa kijijini kwetu mchele? Yeye anakula ndizi. Mungu wenu hazijui ndizi?"

Mhadhiri atajibu nini? Akiwa amesoma, atasema kuwa Zakatul-fitri ina nassi. Ibn Umar (RA) amepokea kuwa Mtume (SAW) aliifaradhisha kuwa pishi ya tende au pishi ya shayiri. Abu Said al-Khudri (RA) amepokea kuwa walikuwa wakitoa pishi ya chakula, au shayiri, au tende, au jibini kavu, au zabibu kavu. Vyote hivyo ni vyakula vya Madina. Tende haziivi Bukoba wala shayiri hailimwi Muleba. Uislamu ulitangulia misheni katika eneo hili, kwani Speke aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu Kafuro huko Karagwe mwaka 1861, na tangu hapo kila Muislamu aliyeishi katika migomba amekutana na suala hili kila mwisho wa Ramadhani.

Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu, wamesema hutolewa chakula kikuu cha mji, kwa sharti kiwe ni katika vile vinavyotolewa zaka ya mazao, navyo ni vile vinavyolika kuwa chakula cha kutegemewa na vinavyowekeka akiba. Ndizi ni chakula cha kutegemewa, hakuna anayelibisha hilo, lakini haiwekeki akiba na haina zaka ya mazao. Kwa hiyo haifai. Ikiwa chakula kikuu cha mji hakifai, wamesema hutazamwa kinachofaa katika mji ulio karibu zaidi. Ndiyo maana tunatoa mchele au mahindi.

Msomaji ataona sasa kwa nini tulimwomba akikumbuke kipimo cha Mayahudi. Wao wamesema: kinachochachuka. Mafakihi wetu wamesema: kinachowekeka akiba. Vipimo ni tofauti na ibada ni tofauti, ila kwa vyote viwili ndizi imebaki nje. Na hakuna kati ya mafakihi hao aliyeidharau ndizi.

Imam wa Muleba ana kazi zaidi ya kujibu hoja ya jukwaani. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, na ulianzia wilaya hiyo hiyo. Mashamba yaliyoshambuliwa yaling'olewa. Mahali migomba ilipokufa, watu waligeukia zaidi mihogo, mahindi na viazi. Chakula kikuu cha mji ni jambo la kutazamwa kwa macho, halihifadhiwi tu kutoka kitabuni. Na vipi kuhusu maharage? Mhaya hali ndizi bila ya maharage, na jamii ya kunde ni katika vinavyotolewa zaka kwa Shafi'i. Je, yahesabiwe kuwa ni chakula kikuu au kitoweo? Sisi tunaelekea kuyahesabu kitoweo katika sehemu nyingi, lakini kijiji ambacho maharage ndiyo yanayojaza tumbo, imam wake akiyapitisha hatutamkatalia. Ibn al-Qayyim amekwenda mbali zaidi, akasema watu ambao chakula chao ni maziwa, nyama au samaki watoe katika hicho hicho chakula chao. Kwa rai yake ndizi ingepita. Nao Mahanafi wanaruhusu thamani kutolewa kwa fedha.

Haya yote ni majibu mazuri, na mhadhiri akiyatoa atakuwa amesema kweli. Lakini akishayatoa, Mkatoliki naye atamjibu: "Basi nasi tuna andiko na kanuni, na tumezifuata." Kicheko kitakuwa kimekwisha, na waliobaki uwanjani watakuwa wameondoka wakidhani kuwa dini zote mbili zimekwama mahali pamoja. Hilo si kweli, na lawama itakuwa juu ya aliyechagua kusimama mahali pasipofaa.

Pa kusimama

Tofauti ipo, lakini haimo katika unga. Mafakihi wetu walipotafuta nafaka gani inafaa, walikuwa wakitafuta lengo la fitri, ambalo ni kumtosheleza maskini siku ya Idi na kumtakasa aliyefunga. Ndiyo maana mlango wa ijtihadi ulibaki wazi na rai zikawa nyingi. Mchele ukifika kwa maskini, unabaki mchele. Kwa Mkatoliki ngano ni sharti la fumbo ambalo, kwa itikadi yake, mkate unageuka kuwa mwili wa Kristo. Hapo ndipo tunapotofautiana naye, na hapo Qur'ani imetutosheleza. Aya ya 75 ya Suratul-Maida inatukumbusha kuwa Masihi mwana wa Maryam ni Mtume tu, na kwamba yeye na mama yake walikuwa wakila chakula. Anayekula chakula ni mhitaji, na mhitaji ni mja. Aya ya 157 ya Suratun-Nisaa inakanusha kuwa aliuliwa na kusulubiwa, na bila ya msalaba hakuna mwili uliotolewa wala damu iliyomwagika ya kukumbukwa kwa mkate na divai. Mwenye dalili hizi ana haja gani na mzaha wa ndizi?

Wapo pia wanaodai kuwa meza iliyotajwa katika Suratul-Maida, aya ya 112 hadi 115, ndiyo karamu hiyo ya mwisho, kisha wakajengea juu yake. Tunawatahadharisha. Aya hazikutaja usiku wa kukamatwa wala aina ya chakula. Riwaya iliyo katika Tirmidhi inayosema kuwa meza iliteremka ikiwa na mkate na nyama, Tirmidhi mwenyewe ameona kuwa usahihi wake ni maneno ya Ammar bin Yasir (RA), wala hakuthibitisha kuwa yametoka kwa Mtume (SAW). Na Mujahid pamoja na Hasan al-Basri walisema kuwa haikuteremka kabisa, ingawa wanazuoni wengi wanaona iliteremka. Katika habari za Ahlul-Kitab zisizokuwa na uthibitisho tumefundishwa tusiwasadikishe wala tusiwakadhibishe.

Limebaki suala ambalo maimamu wa Bukoba huulizwa kila mwaka, kwa kuwa koo za Kihaya zina Waislamu na Wakristo ndani ya nyumba moja. Pasaka inapofika, shangazi analeta chakula. Mkate, chapati, ndizi na wali ni halali kwa asili yake, uwe umetiwa hamira au haukutiwa. Kilichochinjwa kina masharti yake yanayojulikana. Ibn Taymiyya, pamoja na ukali wake dhidi ya kushiriki sikukuu zao, ameeleza kuwa hapana ubaya kupokea zawadi yao ya chakula kisichochinjwa katika siku hiyo, na ametaja riwaya za Masahaba juu ya hilo. Kumrudishia shangazi sahani yake kwa kumtolea maneno ya karaha ni kukata udugu pasipo dalili.

Ama hostia, kabla ya kusomewa ni unga na maji. Baada ya kusomewa, Wakatoliki hawampi asiyekuwa wao, na Muislamu hana ruhusa ya kusimama katika safu yao kuipokea, kwani hiyo ni ibada, na kuipokea ni kutoa ushahidi wa uongo kwa mwili wake. Na yule atakayefikiri kuichukua kwa hila ili aje kuionyesha jukwaani watu wacheke, tunamkumbusha aya ya 108 ya Suratul-An'am, ambayo imekataza kutukana wanavyoviomba wengine, wasije wakamtukana Allah kwa uadui na ujinga.